Banda la Farasi Pwani Halianzi na Ukuta

Mtu anayepata wazo la kufuga farasi wa kupanda jijini Dar es Salaam, kwa ajili ya familia yake au kwa klabu ya kulipia, huanza kwa kumtafuta fundi ujenzi. Mchoro anaoletewa unajulikana hata kabla haujakunjuliwa: jengo refu la tofali za saruji, vyumba pande mbili vikitazamana, korido katikati, madirisha madogo yenye nondo karibu na linta, milango mizito ya mbao, na juu yake bati la rangi. Nyuma ya mchoro huo kuna imani ambayo wafugaji na mafundi hurithishana bila kuihoji, kwamba banda zuri la farasi ni jengo imara, na kwamba kadiri lilivyofungwa ndivyo mnyama alivyo salama. Naipinga imani hiyo. Katika ukanda wetu wa pwani ukuta ndio unaopaswa kufikiriwa mwisho, na mara nyingi ndio unaomdhuru farasi, kwa sababu unazuia upepo anaouhitaji na unakula fedha ambazo zingemkinga na maradhi. Banda la pwani lipangwe kwa kuuliza kwanza ni nini kinachoua farasi hapa, kisha kila shilingi ifuate jibu.

Jibu halijajificha, historia imeliandika mara nyingi. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kuelekea bara mwezi Machi 1871 alikuwa na farasi wawili, mmoja akiwa zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wote wawili walikufa katika wiki chache tu za mwanzo wa safari, masika yakiwa yamekolea, kabla msafara haujafika mbali na pwani. Mmoja alipopasuliwa tumbo lilikutwa na minyoo, na alipozikwa huko Kingaru mkuu wa mahali hapo alidai alipwe nguo kwa kuwa mzoga ulifukiwa katika ardhi yake bila ruhusa. (Madai hayo yalikuwa na hoja kuliko Stanley alivyokiri: mzoga wa farasi ni kilo 400 hadi 500, na mpango wowote wa ufugaji usioonyesha utazikwa wapi haujakamilika.) Miaka 45 baadaye, mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Makumi ya maelfu ya farasi, nyumbu na punda waliteketea katika vita hivyo, na wauaji wakubwa walikuwa mbung'o, homa ya farasi, mvua na njaa. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayesimamishwa na tofali la inchi 6.

Homa ya farasi ndiyo inayostahili kukaliwa zaidi, maana ndiyo inayopaswa kuamua sura ya banda. Ni ugonjwa wa virusi ulioenea Afrika kusini mwa Sahara, una aina 9 za virusi, na farasi ambaye hajawahi kuupata wala kuchanjwa ana nafasi ndogo sana ya kupona: katika kundi la namna hiyo vifo vinaweza kufika 9 kati ya 10. Pundamilia na punda huubeba pasipo kuonyesha dalili kubwa, kwa hiyo punda mwenye afya anayevuta mkokoteni barabarani anaweza kuwa chanzo kisichoonekana. Hauambukizwi kwa pua wala kwa ndoo ya maji. Huletwa na usubi, mdudu wa milimita 1 hadi 3, anayeuma hasa kuanzia jua linapozama hadi asubuhi linapochomoza. Mdudu huyu ana tabia mbili ambazo mpangaji wa banda hana budi kuzijua kwa kichwa. Ya kwanza, ni dhaifu wa kuruka, upepo wa wastani tu unamshinda. Ya pili, huzaliana katika udongo wenye unyevu uliochanganyika na mavi au majani yanayooza: pembeni ya bomba linalovuja, chini ya mchirizi wa paa, kwenye tope la mlangoni ambako farasi husimama wakikojoa. Ukiziweka tabia hizo mbili pamoja utaona kwamba bomba bovu la shilingi elfu chache na kifo cha mnyama wa thamani kubwa ni kisa kimoja, na kwamba mtaro wa maji ni sehemu ya matibabu.

Hapa mtetezi wa jengo lililofungwa ana hoja yake nzuri kuliko zote, na haifai kuipita juu juu. Atasema: kama adui ni mdudu anayeingia usiku, basi kufunga ndiyo dawa, wewe mwenyewe umethibitisha kwamba farasi anahitaji kuta. Ni kweli kwamba farasi anayelala ndani usiku huumwa na usubi wachache kuliko anayelala malishoni, na kwa hiyo sisemi farasi wa Dar es Salaam alale nje. Nasema tofali si chujio. Jengo lenye kuta nzito na madirisha ya nondo lina matundu ya kutosha kuingiza maelfu ya wadudu wa milimita 2, na wakishaingia hukuta hewa iliyotulia wasiyoweza kuipata nje. Kinachowazuia ni wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida, unaofunika upande mzima na kushushwa mapema, pamoja na feni kubwa zinazosukuma hewa juu ya migongo ya farasi. Wavu wa namna hiyo hupunguza sana upepo unaopita. Ndiyo maana uwazi wake lazima uwe mkubwa: ukiuweka kwenye dirisha dogo la nondo, umeziba hewa, ukiuweka kwenye upande mzima wa banda wenye urefu wa mita 36, hewa iliyobaki bado inatosha. Kwa hiyo hoja ya usubi, ikifuatwa hadi mwisho wake, inadai banda lililo wazi pande zote na lenye nguo ya wavu, na inalikataa boksi la saruji. Umeme ukikatika, na hukatika, upepo wa asili uendelee kupita. Katika boksi la saruji feni zikisimama hakuna kinachobaki. Wapo wanaosema chanjo inatosha. Chanjo hutolewa kila mwaka na haina mbadala, ila ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa vya aina kadhaa, kinga yake hutofautiana kati ya mnyama na mnyama, na hakuna daktari makini wa mifugo atakayekwambia uchanje kisha uache bomba livuje.

Baada ya mdudu ni joto, na hapa ndipo mchoro wa kigeni unapoonyesha asili yake. Ukitaka kujua korido ya kati na dirisha dogo vilitoka wapi, angalia nchi ambazo maji hugandia kwenye ndoo wakati wa baridi. Hata Nairobi, ambako mbio za farasi zina zaidi ya karne moja na uwanja wa Ngong umetumika tangu miaka ya 1950, mabanda yamejengwa kwa mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wenye usiku wa baridi na hewa kavu. Mabanda hayo yanafaa huko yaliko. Yakiteremshwa Dar es Salaam yanakuta mchana wa nyuzi 31 au 32, usiku usiopoa, na unyevunyevu unaozuia jasho kukauka. Farasi ni mmoja wa wanyama wachache wanaojipoza kwa kutoka jasho jingi kama binadamu, na jasho lisilokauka halipozi. Katika nchi za joto lenye unyevunyevu baadhi yao hufikia hatua ya kuacha kabisa kutoka jasho, na mnyama wa namna hiyo akifanyishwa kazi mchana anaweza kuanguka. Ukimweka katika chumba ambacho saruji imekunywa jua tangu asubuhi na kulitapika usiku kucha, umempokonya zile saa chache za kupoa alizokuwa nazo.

Pwani ina zawadi ambayo michoro hiyo haijui kuipokea. Upepo wetu una majira: kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi huchukua zamu kutoka kusini na kusini mashariki. Na jua letu, katika latitudo ya nyuzi 7 kusini, hupita karibu na utosi, hivyo linalochoma ni jua la asubuhi na la alasiri linaloingia kwa mshazari. Mabaharia na wajenzi wa majahazi waliyapanga maisha yao kwa kalenda hiyo kwa karne nyingi. Mjenga banda afanye vivyo hivyo. Banda liwe safu moja ya vyumba, lilale mashariki hadi magharibi, ncha zake fupi zilikabili jua na pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili pepo zote mbili zipite kutoka upande hadi upande bila kukutana na safu ya pili. Chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 kinamtosha farasi wa kawaida kulala na kugeuka. Vyumba 10 kwa safu ni mita 36. Kati yao pawe na mbao au mabomba ya chuma hadi kifuani, juu pawe wazi, ili wanyama waonane, kwani farasi ni mnyama wa kundi na upweke humfanya augugune mlango na kuyumbayumba kutwa. Paa lipande juu, mita 4 kwenye ukingo, lipakwe rangi nyeupe, na liachwe na mwanya wa kutoa hewa moto kileleni. Makuti hupendeza na hupoza kuliko bati, ila juu ya majani makavu na nyaya za umeme mimi sipendekezi makuti hata kidogo.

Paa hilo lenye vibaraza lina ukubwa wa kama mita za mraba 300. Dar es Salaam hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi ikimwagika katika masika ya Machi hadi Mei na katika vuli. Maana yake paa moja linamwaga zaidi ya lita 300,000 kwa mwaka, mlangoni kabisa mwa farasi. Mchoro wa kawaida hutumia fedha kwenye milango ya mbao na kuliacha paa bila mfereji wa bati, na ndani ya msimu mmoja ukingo wa banda unakuwa kitalu cha usubi. Ukiyakinga maji hayo, farasi 10 wanaokunywa lita 40 au 50 kila mmoja kwa siku, na zaidi wakifanya kazi, wamepata sehemu nzuri ya mahitaji yao. Na usipoyakinga umeyageuza kuwa maradhi. Ndivyo ilivyo kwa mavi. Farasi mmoja hutoa kilo 20 hadi 25 za mavi na mkojo kila siku, kwa hiyo farasi 10 hutoa tani 73 hadi 91 kwa mwaka, mbali na maranda yaliyolowa. Nimeona bora niseme wazi: asiyejua tani hizo zitakwenda wapi asinunue farasi. Zinahitaji sakafu ngumu yenye paa, mbali na kisima, katika upande ambao upepo hautazirudisha kwenye vyumba, na zinahitaji mkataba na wakulima wa mchicha na matembele wa mabondeni watakaozichukua zikiwa zimeiva. Mkojo ukikaa, amonia inayopanda huunguza mapafu ya mnyama anayelala pua ikiwa karibu na sakafu, na katika jengo lililofungwa haina pa kutokea.

Chakula nacho kinamgeukia mwenye jengo zuri. Desturi ni kuweka stoo ya majani na pumba ndani ya banda lenyewe, chini ya paa moja, ili kazi iwe rahisi. Majani yaliyofungwa marobota kabla hayajakauka sawasawa hupata moto wenyewe kwa ndani, na vumbi lake la ukungu huziba pumzi ya farasi. Pumba za mahindi zilizohifadhiwa kwenye unyevu ni hatari zaidi: moja ya sumukuvu zinazoota kwenye mahindi huozesha ubongo wa farasi na kumwua kwa siku chache, hata kama ng'ombe wa jirani waliokula gunia hilo hilo wanatembea. Stoo itengwe, iinuliwe juu ya chaga, ipitishe hewa, na ikae umbali ambao moto hauwezi kuruka. Na kwa kuwa ardhi ya sehemu kubwa ya jiji ni mchanga, majani yasimwagwe chini, maana mchanga unaomezwa na majani hujikusanya tumboni na kuleta msokoto.

Sasa iko hoja ya ardhi, na mtaa wa Kipawa unaiweka mbele ya macho. Upo kando ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na wakazi wake wengi walifanyiwa tathmini mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja, kisha wakasubiri fidia kwa zaidi ya miaka 10. Mtu aliyemimina zege lote alilo nalo juu ya ardhi ambayo mpango wa mji unaweza kuifuta anajua nini maana ya kungoja. Banda la mabomba ya chuma, mbao na wavu linafunguliwa na kupakiwa kwenye lori. Banda la tofali linathaminiwa na kuachwa. Lakini hata bila hofu ya kuhamishwa, Kipawa na mitaa mingine iliyobanana si mahali pake. Uwanja wa kupandia farasi wa mita 20 kwa 40 ni mita za mraba 800, yaani viwanja 2 vya makazi vya mita za mraba 400, kabla hujapata pa kujenga chumba hata kimoja wala pa kumwachia mnyama atembee bila tandiko. Lundo la mavi na magunia ya nafaka huita kunguru, na karibu na njia za ndege huo si uzembe mdogo. Kanuni za Kilimo cha Mijini za mwaka 1992 ziliruhusu mtu kufuga ng'ombe wasiozidi 4 mjini, wakiwa ndani, na aliyeziandika alimfikiria jirani. Mfuga farasi naye amfikirie. Ardhi ya kutosha iko Kigamboni, Chanika au Bunju. Huko nako usiende ukiwa umefumba macho: kadiri unavyosogea kwenye vichaka na misitu ya mkoa wa Pwani, ndivyo swali la mbung'o linavyorudi, nalo huulizwa kwa daktari wa mifugo wa wilaya kabla ya kulipia kiwanja.

Watu wenye jengo lao watasema bado kuna wezi, na kuna wateja. Kuhusu wezi sibishi kwamba matandiko, hatamu na pampu ya maji huibiwa. Hivyo ndivyo vijengewe chumba cha tofali, chenye mlango wa chuma na kufuli, mita 4 kwa 4 tu. Uzio wa eneo lote, taa na mlinzi humlinda farasi kuliko ukuta wa chumba chake, na moto ukizuka usiku, milango inayofunguka kwa nje bila funguo ndiyo inayookoa. Kuhusu wateja, inadaiwa kwamba mzazi anayelipia mafunzo ya mtoto wake hawezi kuvutiwa na mabanda ya mbao na wavu. Mzazi huyo apelekwe asubuhi saa 1, jua likiwa limetoka na usubi wamekwisha kutulia, aone farasi wenye pumzi tulivu, manyoya yanayong'aa na kwato kavu, kisha apelekwe kwenye jengo la vigae lenye harufu ya amonia na wanyama wanaohema. Jeshi la Polisi linapoleta farasi wa Kikosi cha Mbwa na Farasi barabarani, umati hutazama afya na utulivu wa mnyama, na hakuna anayeuliza analala kwenye tofali au kwenye mabanzi.

Lipo jambo moja ambalo michoro yote niliyoieleza huliacha, nalo ndilo linaloamua kama mpango huu utafanya kazi: chumba cha saisi, mtunza farasi. Wavu wa usubi hauna faida usiposhushwa saa 11 jioni, kila siku, sikukuu na msiba vikiwemo, na kupandishwa jua likishapanda. Mtu ndiye anayefanya hivyo. Anayejenga banda la mamilioni na kumlaza saisi kwenye stoo ya pumba, bila chandarua, bila choo na bila maji ya kuoga, amepanga kwamba siku moja wavu hautashuka, kwa sababu mtu huyo ataugua malaria au ataondoka kwenda kutafuta kazi yenye heshima. Chumba chake kiwe kwenye mchoro wa kwanza, upande wa upepo, mahali anapoweza kumsikia farasi akipiga teke usiku kwa maumivu ya tumbo, na fedha zake zitoke kwenye fungu lile lile lililokuwa linunue tofali.